Maji yanaenda wapi? Kisa cha Vitz iliyochemsha Kitonga

Gari na mwenye gari

Mwenye gari nitamwita Mwalimu. Ndiyo kazi yake, na ndivyo ninavyomwita hata tukikutana gengeni. Jina la shule, mtaa anaoishi na namba za gari nimeviweka kando. Amenipa ruhusa ya kusimulia yaliyobaki. Mimi ni fundi, nina gereji ndogo Dar es Salaam, na katika kisa hiki nami nina kosa langu. Nitalifikia.

Gari ni Toyota Vitz ya mwaka 2006, ile ya umbo la pili, injini ya cc 996 yenye silinda 3, gia otomatiki. Usajili wa herufi D. Alilinunua kwa dalali kwa shilingi milioni 7.2, fedha za mkopo wa mshahara pamoja na akiba ya mke wake ya kikoba. Dashibodi ilisoma kilomita 138,000, namba ambayo sikuiamini na wala sikuitilia maanani: kwenye gari la umri huo kinachokufa kwanza ni mpira, na mpira huhesabu miaka. Kazi ya gari ilikuwa kumpeleka Mwalimu shuleni na kumrudisha, kilomita 14 kwenda na 14 kurudi kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, na kushusha watoto njiani.

Siku ya kulikagua alikwenda na jirani yake, dereva wa daladala. Karatasi Mwalimu alizichambua kama anasahihisha mtihani wa kidato cha nne: kadi ya gari, jina la mmiliki, namba ya chesesi kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi, faini za barabarani zinazodaiwa. Kabla wiki haijaisha alikuwa ameshabadilisha umiliki TRA, mamlaka ya mapato. Hapo sina cha kumfundisha.

Kwenye injini mambo yalikwenda vingine. Gari lilifika likiwa tayari linaunguruma, dalali akisema amelitoa hapo karibu tu. Chini ya boneti palikuwa pameoshwa panang'aa. Jirani alisikiliza mlio, akakanyaga mafuta mara tatu, akatazama moshi, akaendesha hadi kona na kurudi. AC ilipoza vizuri. Mfuniko wa rejeta haukufunguliwa, kwa kuwa injini ilikuwa ya moto na hakuna mwenye akili zake anayefungua mfuniko wa rejeta ya moto.

Nasimama kidogo hapa. Gari la mtumba linaloletwa kwa mteja likiwa limeshapata moto, na injini imeoshwa, limefichwa vitu viwili kwa mpigo. Huoni linavyowaka asubuhi likiwa baridi, na huoni alama za uvujaji. Simshtaki dalali kwamba alikusudia, kwani kuosha gari la kuuza ni desturi ya kila mtu. Ila mnunuzi anayo haki ya kusema: nitarudi kesho saa 1 asubuhi, msiliwashe kabla sijafika.

Miezi mitano ya nusu lita

Mwezi wa pili tangu alinunue, Mwalimu aligundua gari linapunguza maji. Nusu lita kwa wiki mbili, wakati mwingine zaidi kidogo. Chini ya gari pakavu, hakuna tone. Alikwenda kwa fundi wa mtaani kwao, chini ya mwembe, akapewa jibu ambalo wengi wenu mmewahi kulisikia: "Mwalimu, hizi gari za Japani, joto la Dar hili, maji lazima yapungue. Wewe ongeza."

Akaongeza. Alianza na maji ya bomba, bomba likikauka akatumia ya kisima. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi kwenye injini ya aluminiamu hula chuma polepole kama mchwa. Kulanti iliyokuwemo ikazidi kuwa nyepesi mpaka kwenye chupa ya akiba mkawa na kitu chenye rangi ya chai ya rangi. Wengi hudhani kulanti ni maji yaliyotiwa rangi. Ndani yake mna dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo ndiyo inayolinda pampu, rejeta na hedi, yaani sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda.

Mwezi wa tatu gari lilipandisha joto mara moja kwenye foleni, AC ikiwa imewashwa. Fundi yule yule akatoa themostati. "Hizi huku kwetu hazihitajiki, ni za nchi za baridi." Joto likatulia, Mwalimu akafurahi, akalipa 20,000.

Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi mlango unafungwa, maji yanazunguka ndani tu ili ipate moto haraka. Ikifika karibu nyuzi 82 mlango unaanza kufunguka, maji yanakwenda rejeta kupozwa. Ukiuondoa, injini inatembea ikiwa baridi kupita kiasi kwenye safari fupi, inakunywa mafuta zaidi, na dalili ya ugonjwa wa kweli inazimwa. Tena kwenye injini nyingi themostati hiyo hiyo huziba njia ya mkato, kwa hiyo ikitolewa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita rejeta. Gari la namna hiyo huonekana limepona mjini, kisha likaugua mlimani.

Vitz hii haina mshale wa joto. Ina taa mbili: ya bluu ikimaanisha injini bado baridi, na nyekundu ikimaanisha imezidi. Katikati ya hizo mbili dereva haambiwi kitu. Baada ya themostati kutolewa, taa ya bluu ilikuwa inakaa hata dakika 20 asubuhi. Mwalimu aliiona kila siku. Aliniambia baadaye: "Fundi, mimi bluu nilidhani ni nzuri. Baridi si ndiyo tunayoitaka?"

Sasa kosa langu. Mwezi wa nne alinipigia simu. Tulikuwa tumefahamiana kupitia shemeji yake. Akaniuliza kuhusu maji kupungua. Nilikuwa chini ya gari la mtu, mikono ina girisi, nikamjibu kwa haraka: badilisha mfuniko wa rejeta, huenda raba yake imekufa. Lilikuwa jibu la kukisia. Nilipaswa kumwambia alilete. Mfuniko hakuubadilisha, lakini aliondoka kwenye simu akiamini tatizo ni dogo kwa sababu fundi wa pili naye amelichukulia dogo.

Mwezi wa tano alinunua rimu na redio yenye kioo, jumla 650,000. Simcheki. Gari lake la kwanza, mtu anataka lipendeze.

Safari ya Desemba

Walitoka Dar saa 10 alfajiri kwenda Iringa kwa wazazi, siku tatu kabla ya Krismasi. Watu wazima wawili, watoto watatu, mchele, mafuta ya kula, mabegi juu ya magoti. Kabla ya kuondoka alijaza maji kwenye chupa ya akiba mpaka mstari wa juu, akaweka dumu la lita 5 kwenye buti. Kwenye rejeta yenyewe hakutazama. Rejeta inaweza kuwa na upungufu huku chupa ya akiba imejaa, hasa mfuniko ukiwa umechoka, kwa sababu mfuniko huo ndio unaoruhusu maji yavutwe kutoka kwenye chupa injini inapopoa.

Chalinze, Morogoro, Mikumi, hakuna shida. Kwenye barabara tambarare upepo unapiga rejeta na injini haichoki. Ruaha Mbuyuni hawakusimama. Vitunguu wangenunua wakati wa kurudi. Wakaingia Kitonga saa 5 asubuhi, jua likiwa limeshakaza.

Wanaoijua Kitonga hawahitaji maelezo. Kwa wasioijua: ni mlima wa kona kali kwenye barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia, na malori yaliyobeba mzigo huupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Vitz ilikwama nyuma ya lori mbili. Gia ya kwanza, injini inazunguka sana, gari halitembei, upepo hakuna, watu watano ndani, AC imewashwa.

AC ilianza kutoa upepo wa vuguvugu. Magari mengi hukata kompresa ya AC yenyewe injini inapozidi moto, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Mke wake akasema, "Baba, mbona joto?" Dakika moja hivi baadaye taa nyekundu ikawaka.

Mwalimu aliendelea. Nimemuuliza kwa nini, na jibu lake nalielewa: kona mbele, kona nyuma, lori mgongoni, hakuna bega la barabara la kuegesha, na watoto wamo ndani. Alisema moyoni afike pale panapopanuka. Anakadiria ilikuwa dakika tatu. Mtu akisimama katikati ya Kitonga anaweza kugongwa. Akiendelea anaua injini. Kwa nafasi aliyokuwa nayo sitamwita mjinga. Ila kulikuwa na mambo mawili ambayo angeweza kuyafanya papo hapo na hakuyajua: kuzima AC kabisa tangu chini ya mlima, na kufungua hita hadi mwisho feni ikiwa kwenye nguvu ya juu. Hita ni rejeta ndogo ya pili ndani ya gari. Mtatokwa jasho, lakini joto linalowachoma ninyi limeondoka kwenye injini.

Alipopata nafasi ya kusimama, gari lilikuwa limeshapoteza nguvu na mvuke unatoka mbele. Watu wakajaa. Utingo mmoja, kwa nia njema kabisa, akamwambia afungue mfuniko aongeze maji. Mwalimu akazungusha kitambaa mkononi, akafungua. Maji yaliyobanwa chini ya mfuniko huweza kupita nyuzi 115 bila kuchemka. Mgandamizo ukitoka ghafla sehemu yake inageuka mvuke kwa sekunde na kuyarusha yaliyobaki nje. Na huko nyanda za juu, kwenye mwinuko wa Iringa wa mita kama 1,500, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Aliungua kuanzia kiwiko hadi kiganja. Alama ipo hadi leo. Uso ulipona kwa sababu alikuwa amesimama ubavuni.

Kisha dumu lote la maji baridi likamiminwa kwenye injini inayowaka.

Baada ya saa moja gari liliwaka, likitetemeka kama mashine ya kusaga, likitoa moshi mweupe, na kwenye mdomo wa rejeta mapovu yanapanda kama uji. Akalizima. Hilo lilikuwa jambo sahihi, na alilifanya bila mtu kumwambia. Lori la kubeba magari likalifikisha Iringa kwa 180,000.

Njia tatu za Iringa

Alinipigia jioni ile akiwa amefungwa bandeji. Alikuwa ameshapewa mapendekezo matatu na watu watatu.

La kwanza, kumwaga dawa ya kuziba ndani ya rejeta, 35,000, aondoke kesho. La pili, kununua injini ya mtumba kutoka Dar, milioni 1.6 kabla ya kazi ya kuifunga. La tatu, kufungua injini, kubadilisha gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na sehemu ya chini ya injini, na kurekebisha kitakachokutwa, bei haijulikani. Mwalimu alielekea kwenye injini ya mtumba. Hoja yake ilikuwa na mantiki: bei inajulikana, na kitu kizima kinaingia mahali pa kibovu.

Nilimwomba afanye jambo moja kabla ya kuchagua: fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Kipimo hicho ni cha dakika 20. Silinda ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili na ya tatu zote zilikuwa chini, na zote kwa kiasi kinachokaribiana. Silinda mbili jirani zikianguka pamoja namna hiyo, mara nyingi gasketi imekatika katikati yao. Oili ilitazamwa: haikuwa na rangi ya maziwa. Kwa hiyo palikuwa na sababu ya kutumaini kwamba sehemu ya chini ya injini haijaguswa na maji.

Dawa ya kuziba tuliikataa mara moja. Tundu dogo la rejeta inaweza kulisaidia kwa muda. Gasketi iliyokatika katikati ya silinda haizibiki hivyo, na dawa yenyewe huenda kukaa kwenye vijia vyembamba vya rejeta na hita, ukabaki na matatizo mawili. Injini ya mtumba tuliiacha kwa sababu tatu. Hatujui ilichemshwa mara ngapi huko ilikotoka. Namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kuna safari nyingine ya TRA. Na hii ndiyo iliyonishawishi zaidi: hakuna aliyekuwa amejibu maji yalikuwa yanaenda wapi. Kinachovuja kikihamishiwa kwenye injini mpya, Kitonga ijayo itatoa majibu yale yale.

Wakafungua. Hedi ilipowekewa rula ya chuma ilikuwa imepinda zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa, ambacho kwenye injini ndogo za namna hii ni sehemu chache za mia za milimita. Ikapelekwa kusawazishwa kwa mashine. Ufa haukuonekana.

Halafu fundi wa Iringa, kijana ambaye sijawahi kuonana naye uso kwa uso, akanitumia picha ya pampu ya maji. Kwenye kitundu kidogo chini ya shafti, kile kinachowekwa makusudi ili sili ikichoka maji yatokee nje badala ya kuingia kwenye beringi, palikuwa na ukoko mweupe uliochanganyika na kutu, mnene kama magadi. Jibu ndilo hilo. Pampu ilikuwa inatoa tone moja moja injini ikiwa ya moto na maji yana mgandamizo. Tone linaangukia chuma cha moto, linavukia kabla halijafika ardhini. Ndiyo maana palikuwa pakavu kila asubuhi. Ukoko wa namna ile haujengeki kwa mwezi mmoja. Ninaamini ulikuwepo siku gari linauzwa, chini ya ule mng'ao wa injini iliyooshwa, ingawa hilo siwezi kulithibitisha.

Gharama na kilichopatikana

Gasketi na vifaa vyake vilitoka Kariakoo kwa basi, vikafika siku ya pili. Seti ya gasketi 140,000, boliti mpya za hedi 60,000, pampu 95,000, themostati 45,000, mfuniko 15,000, mpira mmoja wa rejeta uliokuwa umevimba 30,000, plagi 45,000, kulanti 50,000, oili na filta 75,000, kusawazisha hedi 80,000, ufundi 300,000. Ukiongeza lori, jumla ni 1,115,000. Humo hamna nauli za basi za familia kurudi Dar, wala dawa za mkono.

Pampu, mfuniko, kulanti na ufundi wake vingekamilika kwa 220,000 hivi kama ningesema "lilete" mwezi wa nne.

Gari lilirudi Dar Januari likiendeshwa na Mwalimu mwenyewe. Kwa lita moja lilikuwa likienda kilomita 11 kwenye foleni zake. Baada ya themostati kurudishwa linakwenda kati ya 13 na 14. Taa ya bluu huzimika baada ya dakika chache. Maji hayajapungua hata kidogo.

Halijawa jipya. Sasa linakula oili, karibu nusu lita kila kilomita 1,500. Sidhani lilikuwa linakula hivyo mwanzo, ingawa hakuna aliyekuwa anapima. Joto lile la mlimani huenda lililegeza ringi za pistoni, na ringi hatukuzigusa kwa sababu fedha ziliishia kwenye hedi. Nilimwambia wazi kwamba uamuzi wa kutoshuka chini zaidi ulikuwa wa mfuko, na tungeweza kujuta. Bado hatujajuta sana. Anabeba lita moja ya oili kwenye buti na anapima kila Jumapili.

Tulivyokaa kulitazama upya

Nilikaa naye siku moja tukiwa na chai tukaandika kila kitu kwenye daftari lake la maandalio ya somo. Tulichokiona ni kwamba Kitonga haikuharibu kitu kipya. Ilidai deni la miezi mitano. Na katika miezi hiyo Mwalimu hakuwa mzembe: aliongeza maji kila alipoona yamepungua, alimwona fundi mara mbili, alinipigia simu. Alihudumia dalili kwa uaminifu mkubwa. Mafundi wawili, nami nikiwemo, tulimpa majibu yanayoanza na "wewe ongeza" au "badilisha", na hakuna aliyechukua tochi na kutazama pampu. Mfumo wa maji wa gari umefungwa. Nusu lita haiwezi kupotea kwenye kitu kilichofungwa bila mlango.

Kutoa themostati lilikuwa kosa kubwa kuliko yote, naliweka juu hata ya zile dakika tatu za mlimani. Liliondoa ushahidi. Kama gari lingeendelea kupandisha joto kwenye foleni mwezi wa tatu, lingerudi gereji tena na tena mpaka mtu aone ukoko ule, kilomita 14 kutoka nyumbani. Mafundi wenzangu watanikasirikia, lakini tunatoa themostati kwa sababu ni rahisi na mteja anaona matokeo jioni ile ile.

Kilichofanya kazi ni kuzima injini baada ya kuona mapovu, na kupima kabla ya kununua. Kipimo cha mgandamizo cha dakika 20 kilimwokoa na injini ya milioni 1.6. Na karatasi zake safi zilimsaidia kwa namna ambayo hakuitegemea: kwa kuwa kadi ilikuwa ya jina lake, kikoba kilikubali kumkopesha kwa haraka huku gari likiwa limefunguliwa Iringa.

Kuna jambo tunalobishana hadi leo. Mwalimu anasema asingeenda Iringa na gari la cc 996 lenye watu watano. Mimi nasema injini ile ikiwa nzima inapanda Kitonga bila tatizo, taratibu, AC ikiwa imezimwa. Ubishi huo uliamuliwa kidogo Desemba iliyofuata. Alinunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachotuma joto la injini kwenye simu, akampa binti yake wa darasa la sita kazi ya kusoma namba kwa sauti. Ruaha Mbuyuni walisimama dakika 20, boneti wazi, wakanunua vitunguu. Kisha vioo vikashushwa, wakaanza kupanda nyuma ya malori. Binti alisoma 91, 93, 96, akanyamaza kidogo, baba akamuuliza vipi, akajibu: "98, Baba. Sasa 97."